Ndoo Saba za Kuoshea Mashine

Wiki iliyopita nilikwenda Bagamoyo kumwona baba. Macho yake hayaoni tena, na nilipomaliza kumwamkia alisema neno moja tu: niioshe mashine, keshokutwa ni Idi. Nikasema sawa, baba. Ningesema nini?

Mashine yenyewe ni ya kukatia majani, ile ya kukaliwa kama trekta dogo. Baba aliiendesha miaka mingi kwenye hoteli moja ya ufukweni, na hoteli ilipofungwa mwenye mali akampa aondoke nayo. Nilikuwa na miaka tisa. Uani kwetu kulikuwa na mchanga mtupu wa kufagiwa kwa chelewa. Bibi aliuliza kama sasa atafagiliwa kwa petroli, na jirani hakuchoka kumtania baba kwamba amepewa ng'ombe asiye na malisho.

Lakini malisho yalikuwepo: uwanja wa kuswalia Idi. Mara mbili kwa mwaka baba alivaa kofia yake nzuri akaukata wote peke yake, mgongo umenyooka, sisi watoto tukimkimbilia nyuma katika harufu ya majani mabichi. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Hata jirani siku hiyo alinyamaza.

Kwa hiyo aliitunza. Kila Ijumaa baada ya swala alisafisha plagi, akapaka grisi, akanoa visu kwa tupa, kisha akaniita nichote maji kisimani. Ndoo saba. Ilikuwa kazi yangu na niliionea fahari, ingawa maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi na sabuni haikutoa povu hata ungesugua mpaka magharibi. Ya kunywa tulinunua. Ya kuoshea mashine, nani angefikiria? Nikimaliza, bibi alinipa kitumbua cha moto, nikala huku nikiitazama inavyong'aa.

Mwaka wa nne, siku moja kabla ya Idi, baba aliiwasha na bati linalofunika visu likadondoka. Kutu ilikuwa imelila lote. Akaitwa fundi wa mashine za boti kutoka Mbegani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mnaiosha kwa maji gani, mzee?"

"Ya kisimani hapo."

Fundi alichovya kidole, akaonja, akatema. "Haya ndiyo yaliyoila. Sisi mashine zetu tunazisuuza kwa maji matamu."

Baba aliliokota lile bati. Kisha akasema, "Mtoto asijue."

Jioni ile wanaume waliufyeka uwanja kwa mikono, baba akiwa miongoni mwao. Mimi aliniambia mashine imezeeka tu, nikaitikia. Nilitaka kulia, ila ningelia vipi mbele ya mtu anayenificha jambo kwa kunihurumia?

Kisima kilifukiwa zamani, bibi hayupo, na uwanja umejengwa maduka. Mashine imebaki kiti, usukani na magurudumu. Niliiosha hivyo hivyo, ndoo saba za maji ya bomba, vipande vikinibaki mkononi kila nilipogusa. Baba aliomba nimsogeze. Akapitisha mkono kwenye kiti, povu likamjaa vidoleni, akalisugua kwa muda.

"Maji ya bomba haya?"

"Ndiyo, baba."

"Yamechelewa," akasema taratibu, kisha akaniambia nisisahau magurudumu.