Watoto Watatu wa Kizuizini

Nimepata mimba tatu maishani mwangu, zote za mchele. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, kisha anisikilize.

Wakati huo wa Mwingereza, Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee wa nafaka. Mkulima wa kwetu, upande wa Mzenga, alilima mwenyewe, akapalilia mwenyewe, akaamia ndege mwenyewe wasimalize mpunga, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Akishavuna, alipaswa kupeleka mpunga na mahindi yake kwenye ghala la mabati la Serikali, kwa bei iliyopangwa na watu ambao hawajapata kuamia hata shomoro mmoja. Kupeleka mchele Kisarawe bila kibali lilikuwa kosa, hata uwe kibaba. Na ili kosa lipate mahali pa kukamatiwa, njiani paliwekwa kizuizi: mti mrefu uliolazwa juu ya panda mbili, kibanda cha makuti, kigoda kimoja na askari mmoja mwenye kuku watano.

Kisarawe nilikuwa na shoga yangu mpika vitumbua. Vitumbua havipikwi kwa kibali, vinapikwa kwa mchele, na alikuwa akiutaka kila Alhamisi ili Ijumaa watu wakitoka kusali wakute sahani imejaa. Basi nikashona mfuko wa kitambaa cha merikani wenye kamba mbili, moja ya kiunoni na moja ya shingoni, nikaujaza mchele, nikajifunga kanga juu yake. Pishi moja ilikuwa mimba ya miezi minne. Pishi mbili, miezi saba. Pishi tatu ilikuwa ya kujifungua njiani, na kwa kweli mgongo uliuma vilevile.

Kwetu mimba haiulizwi. Tumbo la mwanamke unaliona, unalipita kwa macho, unazungumza habari za mvua. Kuliuliza ni kuliitia kijicho, na kuligusa ni jambo ambalo mwanamume mgeni hawezi hata kuliwaza. Kwa hiyo askari alipekua vikapu, akapekua matenga ya kuku, akapekua mpaka mitungi ya maji, lakini matumbo yalipita salama. Siku za Alhamisi njia ile ilikuwa na wajawazito wengi kuliko nchi nzima. Wifi yangu, ambaye hajui kufanya jambo kwa mpango, wiki hii alipita na pishi tatu, wiki ijayo hana kitu, wiki ya tatu pishi tatu tena, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilikuwa na mpango. Nilikuwa pia na miaka minane ya ndoa bila kubeba kitu. Mama mkwe alikuwa ameshaacha kunisema, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi ya maneno.

Siku ya kwanza nilipofika kizuizini na tumbo langu, askari aliinuka. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima, na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote nami sina ruhusa ya kununa.

"Kaa, mke wangu," alisema, akanisogezea kigoda. "Umenibebea mzigo wangu mwenyewe, nami nimekaa kama bwana."

Nikakaa. Akaniletea maji kwenye kata. Kuku wake wakaja wakanizunguka miguuni, wakanipenda ghafla, na nilipoondoka walinisindikiza mpaka kwenye kona. Nilikwenda nataka kulia. Hofu haikuwamo. Katika miaka minane hakuna mtu aliyewahi kunipisha kigoda.

Tangu siku hiyo niliitunza ile mimba. Niliiongeza kibaba kwa kibaba kama inavyotakiwa. Nilijifunza kuinuka kwa kushika goti. Ilipotimia miezi tisa niliacha safari, nikakaa nyumbani arobaini. Shoga yangu akaleta habari kwamba Kisarawe watu wanatoka msikitini wanakula mihogo ya kuchoma, na mume wangu, aliyejua habari ya mfuko na hakujua zaidi, akanishangaa.

"Mbona huendi?"

"Nina arobaini."

"Arobaini ya nani?"

Nilichukua ufagio nikafagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Nilipopita tena kizuizini, sina tumbo, mtani wangu alinyoosha mikono miwili.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Wa kiume?"

"Wa kiume," nikasema. Ndivyo alivyozaliwa wa kwanza.

Wa pili alikuwa wa kike, wa tatu wa kiume. Kila Alhamisi aliniuliza, na kila Alhamisi nilimjibu: kaota meno, katambaa, ana surua, kapona, anamsumbua bibi yake. Alimpelekea wa kwanza karanga za kuchemsha. Huyo wa kike alimpelekea uzi wa ushanga mwekundu, nami karanga nilizila njiani, ushanga nikautundika ukutani juu ya kitanda. Sikuwa mwendawazimu, nilijua ninachosema ni uongo. Lakini kila Jumamosi nilikuwa nimeshaanza kufikiri Alhamisi nimwambie nini, na hizo ndizo zilikuwa siku zangu nzuri.

Kisha ikaja barua.

Jumbe alituita wote barazani, kwenye kivuli cha ghala. Karani akasimama na karatasi zake, akasoma kwamba Serikali inakusudia kuacha kuwa mnunuzi pekee. Kila mtu atauza nafaka yake kwa amtakaye, kibali hakitatakiwa, na vizuizi vitaondolewa. Wakulima watoe maoni yao, yaandikwe.

Nilidhani watu watapiga vigelegele. Ghala lile tulilitukana kwa miaka. Mizani yake tuliitukana, mlango wake tuliutukana. Lakini uwanja ulinyamaza kama watu walioambiwa mgeni wao mkorofi anaondoka, nao wamezoea kumsengenya.

Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja aliyegombana na mizani kila mavuno. Alikuwa na fimbo, na kwa fimbo hiyo alilionyesha ghala.

"Hili limenipunja tangu nina meno," alisema. "Nikipunjwa na Serikali, natukana njia nzima mpaka nyumbani, nalala vizuri. Kesho nikipunjwa na jirani nitamtukana vipi? Si ndiye atakayenizika?"

Watu wakaitikia kwamba hilo ni neno. Karani akaandika.

Akasimama kijana mmoja, akasema yeye anaunga mkono barua. Mtu akiwa huru atauza popote.

"Popote ni wapi?" aliuliza mzee.

"Popote tu."

"Popote kuna lori?"

Kijana akafikiri. Lori pekee lililokuwa likifika kwetu ni la Serikali, na lilifika kwa sababu dereva ameamriwa. Alikuwa akishuka na kulitukana kabla hata ya kutusalimu. Kijana alikubali kwamba popote hakuna lori, akakaa.

Baada yake alisimama jirani yetu, ambaye kazi yake, kila mtu aliijua, ilikuwa kuvusha mahindi kwa njia za msituni. Alikuwa na hasira ya kweli.

"Mimi njia zile nimezikata mwenyewe," alisema. "Najua gogo lilipo, najua nyoka alipo. Leo mnasema kila mtu apite barabarani mchana na gunia lake kichwani? Mtoto wa jana, asiyejua lolote, apate sawa na mimi? Hiyo haki iko wapi?"

"Unajua kwamba unaungama kosa?" aliuliza jumbe, pole pole.

"Ninatetea kosa. Msipolitetea litaondoka."

Karani aliuliza aandikwe kazi gani, mkulima au nini. Jirani akasema aandikwe mvushaji, na aandikwe ameanza zamani. Jumbe aliangalia pembeni. Mahindi ya jirani huyo alikuwa akiyala yeye pia.

Walisema wengi, wote wakiwa upande wa ghala. Mmoja alitaka likiondoka liache kivuli. Nami nilikuwa nimeketi nyuma na wanawake, ambao siku hiyo kazi yetu ilikuwa kusikia. Nilikuwa nikihesabu: wa kwanza ana miaka mitatu, anasema maneno yote. Huyo mdogo ndiyo kwanza anakaa. Kizuizi kikiondoka, nani ataniuliza habari zao?

Nikasimama. Sikukusudia, nilijikuta nimesimama.

"Kizuizi kibaki," nikasema.

Uwanja mzima ukageuka. Mume wangu akaanza kukohoa.

"Ghala au kizuizi, mama?" aliuliza jumbe.

"Ghala mlifanye mnavyotaka. Kizuizi kibaki."

"Kwa sababu gani?"

Sababu nilikuwa nayo, lakini haikuwa ya kusemwa mbele za watu.

"Kimezoeleka," nikasema, nikakaa.

Walicheka sana. Wifi yangu alicheka zaidi, akidhani natetea pishi zake tatu. Lakini karani aliandika, na jumbe alipotaka mikono, iliinuka yote, pamoja na wa yule kijana. Tulikuwa tumekubaliana kwa sauti moja kuiomba Serikali iendelee kutuonea.

Hapo karani akageuza karatasi ya mwisho, ambayo hakuwa ameisoma. Akaisoma kimya, akaisoma tena. Kisha akatuambia kwamba barua ilikwama Maneromango kwa ajili ya matope, na kwamba amri yenyewe imeshaanza tangu mwezi uliopita. Maoni yetu yalitakiwa yapelekwe kabla ya hapo.

"Kwa hiyo tumejadili nini?" aliuliza mzee wa fimbo.

"Mmejadili vizuri," alisema jumbe, akafunga baraza.

Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba kwa mwezi mzima askari alikuwa akilinda sheria iliyokwisha, na mimi nikipita mikono mitupu, nikingoja wakati wa mimba ya nne.

Alhamisi iliyofuata niliweka mchele kwenye kikapu, nikajitwisha kichwani, wazi, kila mtu aone. Ulikuwa mwepesi mno. Nilitembea nikiwa na aibu, kama niliyetoka bila nguo. Nilipofika nilimkuta mtani wangu akizing'oa zile panda. Mti ulikuwa chini, umeshatupwa majanini. Kuku walikuwa wamefungwa miguu, wanangoja safari. Waliponiona wakapiga kelele.

"Hawa watakulilia," alisema. "Mfuko wako ulikuwa unavuja pembeni, upande wa kushoto. Umewanenepesha."

Nilisimama nimeshika kikapu kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Mchele niliujua siku ya kwanza. Mimi ni askari, mke wangu, si kipofu." Aliweka panda chini, akajipangusa mikono kwenye kaptura. Kisha akaniangalia bila utani wowote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ila watoto. Wale watoto wapo?"

Ningeweza kumwambia kweli. Alikuwa mtani, angecheka, nami ningecheka, yakaisha. Lakini nilimwona alivyosimama, mtu mzima anayerudi kwao bara na kuku watano, na nikaona kwamba hata yeye hizo Alhamisi zilikuwa siku zake.

"Wapo," nikasema.

Akashusha pumzi.

"Yule wa surua, alipona vizuri?"

"Alipona. Haikubaki hata alama."

"Basi waambie baba yao wa kizuizini anakwenda kwao. Waambie amewaaga, mmoja mmoja."

"Nitawaambia."

Nikaenda Kisarawe, nikampa shoga yangu mchele wake, naye akalalamika kwamba siku hizi kila mtu anamletea. Nikarudi kwa barabara ile ile, nikapita pale palipokuwa na kigoda. Nyumbani hapakuwa na mtu. Niliuchukua ushanga ukutani, nikaketi kitandani, nikawaambia, mmoja mmoja.