Seva Iliyongoja Salamu

Leo nimewanyima wakulima wa miwa tovuti yao ya zamu za kuvuna kwa saa tatu, kisa salamu.

Ngoja niungame polepole.

Nilihamishia tovuti kwenye seva mpya. Ikakataa kuwaka. Ikasema haijui neno SalimuKwanza lililo kwenye faili ya mipangilio.

Mimi nalijua. Aliliweka Nafula, tuliyefanya naye kazi hapa Kakamega miaka tisa. Alisema hata mashine haifai kuanza kazi bila kumsalimu mtu. Basi akaiandikia seva moduli yake mwenyewe, kijiprogramu cha kusalimu, na kila ikiwaka inaandika: "Habari ya asubuhi, mzee. Umekunywa chai?"

Moduli hiyo niliisahau kwenye seva ya zamani, ambayo tayari imefutwa. Mzee kweli.

Ningefuta mstari mmoja tu wenye neno hilo, seva ingewaka.

Sikufuta. Nikakaa kuiunda moduli upya, na mvi zangu hizi.

Mama mmoja akapiga simu kutoka Mayoni. "Fundi, wakataji wako barabarani. Leo ni zamu yangu ama ya jirani?"

"Dakika kumi, mama."

"Dakika zako huwanga ndefu."

Saa tano ikawaka. Zamu ilikuwa yake. Nikamweleza ukweli wote.

Akauliza: "Kumbe miwa yangu ilikuwa inangojea usalimiwe?"

Ndiyo, mama.

Nafula alienda ng'ambo mwaka juzi, na namba yake haipatikani tena. Aliye na mpya anitumie.

Ama amwambie tu kwamba nimeshakunywa.