Fungu la Asiyekuwapo

Donge la unga wa ngano likitupwa motoni hutoa harufu mbili. Kwanza huja ile tamu ya mkate, inayomfanya mtoto ameze mate. Kisha, kabla hujaifaidi, huja ile chungu ya kitu kinachoteketea huku watu wakikitazama. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, tukikaa Gongoni, Tabora, katika miaka ile ya ujamaa, harufu hiyo ilipovuka ua wa matete uliotutenga na nyumba ya Bi Nadra. Nilichungulia. Nikamwona bibi yule mpole, aliyekuwa akitukaripia tukimwaga hata punje za mtama, amesimama mbele ya jiko la mkaa akiangalia donge la unga safi likigeuka kaa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimetutupa mkono. Unga wa ngano ulionekana kwa nadra katika duka la ushirika, na siku ukifika watu walipanga foleni tangu alfajiri. Nilikimbia kumwambia mama kwamba Bi Nadra amerukwa na akili.

Mama hakushtuka. Alisema tu kwamba Bi Nadra ni Myahudi na wana mambo yao, kisha akaendelea kuchambua mchicha. Basi hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa maana nilikuwa nikiwasikia Wayahudi chuoni, katika visa vya Nabii Musa na Firauni, na nikaamini kwamba walikwisha zamani pamoja na Firauni mwenyewe. Kumbe mmoja alikuwa akinishonea gauni za Iddi. Polepole nikazikusanya habari zake, maana nilikuwa mtoto wa maswali, na watu wa mtaa walinivumilia kwa kuwa kuuliza si ujinga. Baba yake alikuwa mfua fedha kutoka Yemeni, akaifuata njia ya misafara mpaka Tabora kwa sababu wanawake wa huku walipenda bangili nzito. Walikuwapo wengine wa jamaa zake, na nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chumba cha kuswalia. Lakini swala yao ya jamaa ilitaka wanaume kumi. Baadhi walifariki, wengine walihama wakati wa uhuru na baada yake, na siku wanaume walipopungua kumi chumba kikafungwa. Wanawake wakabaki majumbani, kila mmoja na dua zake.

Aliyekifungua tena ni Bi Nadra. Alisema wanaume wamekwenda na swala yao, lakini mambo ya wanawake hayakwenda nao. Siku ya mwezi mwandamo ilikuwa siku yao tangu enzi za bibi zao. Hawashoni, hawafui, na mimi nilizoea kuujua mwezi mpya kwa kutosikia cherehani yake. Siku hizo alianza kuwakusanya waliobaki: wifi yake, Bi Badra, aliyekaa karibu na stesheni, na Mama Yosefu wa Urambo, mjane aliyekuja kwa treni na binti yake. Walikuwa wanne tu. Walikuja na vifurushi vya unga, wakaukanda wote katika sinia moja, wakaomba na kuimba kwa lugha niliyodhani ni Kiarabu kilichopinda. Kabla ya kuoka, walimega lile donge na kulichoma.

"Bibi, mbona unachoma chakula?" nilimuuliza siku moja kutoka upande wetu wa ua, baada ya kumwamkia.

"Sichomi chakula, mjukuu wangu. Natoa fungu la mwenyewe." Akanieleza kwamba zamani, katika hekalu lao, fungu hilo lilikuwa la kuhani. Hekalu lilibomolewa, kuhani wa kulipokea hayupo, kwa hiyo wanalichoma ili asije mtu akalila.

Mama alikuwa akitwanga kisamvu, akadakia kwa utani. "Lakini Bi Nadra, wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo."

Bi Nadra alicheka mpaka akashika matete. "Hao wahenga wenu walikuwa na njaa, mwanangu. Kwetu asiyekuwapo, lake lipo. Kuondoka kwake hakukifanyi chake kiwe changu."

Lililonishangaza zaidi nililijua baadaye. Sheria yao haikumtaka mwenye unga mchache atoe kitu. Fungu hutoka tu katika unga mwingi uliokandwa pamoja, tena wa ngano, kwani unga wa mahindi na mtama hauhesabiki. Kwa hali ya mwaka ule hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na unga wa kutosha. Kila mmoja angeweza kukaa kwake, akaoka mkate wake mdogo, akaula wote bila dhambi. Badala yake walichanganya. Haba na haba hujaza kibaba, na wale wanawake walihangaika kukijaza kibaba chao ili wapate kuwa na kitu cha kutoa. Nilimuuliza mama kama wana akili timamu, naye akaniambia nikachote maji.

Mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka ule mwezi wao na wetu uliangukia pamoja. Nilijipitisha kwa Bi Nadra kumuuliza Iddi ni lini, kwa kuwa yeye mwezi alikuwa nao kwenye hesabu na sisi tulisubiri kuuona. Akanijibu, "Wenu ni wa macho, wetu ni wa hesabu. Usinigombanishe na masheikh." Mchana ule Mama Yosefu na binti yake waliteremka treni mikono mitupu. Urambo hakukuwa na ngano tangu mwezi uliopita. Bi Badra naye alileta kikombe kimoja tu, akakiweka mezani na kusema kwamba kwake yeye hii ndiyo mara ya mwisho. Wanawe wako Nairobi wanamwita, na hawezi kuendelea kubaki Tabora kwa ajili ya jambo lisilosimama. Mama Yosefu alisema nauli ya treni si ya kuja kutazamana. Bi Nadra aliwaacha humo ndani. Alikuja uani, akasimama karibu na jiko lisilo na moto, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee.

Mama aliyasikia yote, kwa sababu ua wa matete hauzuii neno. Ndani ya sanduku lake, chini ya kanga, kulikuwa na unga wa ngano aliouweka tangu kabla ya mwezi wa mfungo, wa maandazi ya Iddi. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tukiuota unga ule. Akauendea ua, akiwa na saumu yake na midomo imekauka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Bi Nadra, tuchange. Mimi nina unga. Ukandwe pamoja, na mikate ikiiva nipate fungu langu la Iddi."

Bi Nadra alisogea hadi kwenye matete. "Ahsante, mwanangu, lakini haitafaa. Sehemu yako ikiwa humo, yetu inabaki ile ile ndogo, na hatuwezi kulitoa lile fungu. Unga wote uwe wetu, au tuache. Na hilo siwezi kukuomba, una watoto."

Nilifurahi, sitaficha. Nilijua mama ni mtu wa haki, na haki ilikuwa upande wa maandazi. Mama aliingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku, nikamsikia amekaa. Alikaa sana. Kisha akatoka na mfuko mzima, hakubakiza hata wa kupakaa vidole, akaupitisha juu ya matete. "Shika. Ni wenu. Mimi sina changu humo." Bi Nadra aliupokea kwa mikono miwili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini siku ile moyo wa mama ulinikasirisha mno nikaenda kulia nyuma ya choo.

Hata hivyo udadisi ulinirudisha. Niliwaona wanne wale wamezunguka sinia, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, Bi Badra akiongoza wimbo. Bi Nadra alimega donge kama yai la kuku, akalinyanyua, akanena maneno yake, wote wakaitikia. Kisha likaingia motoni. Nilimgeukia mama nione kama anaumia kuona unga wake ukiungua. Alikuwa akitazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anavyotazama mtu anayejifunza mshono mpya.

Asubuhi ya Iddi Bi Nadra alituletea mkate. Tulikatiwa kila mmoja kipande. Mama alimshukuru vizuri, akakigawa cha kwake kwa mdogo wangu. Nilipomuuliza kwa nini hali, alisema, "Nikiula nitakuwa nimejirudishia." Baba aliporudi msikitini aliuliza maandazi yako wapi. Mama akamwekea sahani ya michembe na karanga, akasema mwaka huu viazi vikavu vimekuwa vitamu. Baba akala, akakubali kwamba ni vitamu.

Bi Badra hakwenda Nairobi mwaka ule wala mwaka uliofuata. Wanawake wale waliendelea kukutana kila mwezi ukiandama hadi nilipomaliza shule na kuondoka. Sasa nimerudi Tabora, na wote hawapo tena, mama pia. Unga wa ngano umejaa madukani, na sisi wanawake wa mtaa tuna kikundi chetu cha kusaidiana. Tunatoa kwelikweli, harusini na misibani, sikatai. Ila mtoaji lazima atajwe jina kwenye kipaza sauti, na likisahauliwa kuna kununa mwezi mzima. Mimi mwenyewe hutega sikio. Sikupata kumsikia mama akiutaja unga ule kwa mtu yeyote, na baba alikufa akiamini kwamba mwaka ule haukupatikana. Nimejaribu kumwiga. Juzi nilimpa jirani sukari yote niliyokuwa nayo ndani, nikaapa nitanyamaza. Kabla ya magharibi nilikuwa nimeshampigia simu dada yangu kumweleza, na sasa nimekueleza na wewe.