Mtawala Asiye na Shamba

Mwalimu Melkiori wa Maisaka alikuwa na balaa moja: aliliamini somo lake. Wenzake waliofundisha siasa walifunga daftari wakaenda kulima mashamba yao. Yeye siasa aliirudisha nyumbani, akamhubiria mkewe Redempta hata akiwa anasonga ugali.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Wakomunisti walitaka ardhi isiwe ya mtu, iwe ya wote. Wagiriki wa kale, katika vitabu vyao vya falsafa, hawakufika huko. Mkulima na fundi waliwaachia mali zao, ila mtawala walimnyima shamba na dhahabu, asije akajipakulia kwanza.

Enzi za vijiji vya ujamaa, Melkiori akiwa katibu wa kijiji kule Mutuka, aling'oa minyaa ya mpaka wake kwa mikono yake mwenyewe. Shamba likaingia katika la kijiji, pamoja na kaburi la Evelyne, mtoto wao wa pekee. Hapo alikuwa mkomunisti. Shamba la kijiji lilipokufa na watu wakagawana ekari, alisoma majina yote akalipita la kwake. Hapo akawa Mgiriki. Watu walimpigia makofi, na kipande chenye kaburi kikaenda kwa Anselm, aliyekuwa mwanafunzi wake. Redempta hakupiga makofi.

Mkoa mpya wa Manyara ulipotangazwa na Babati kuwa makao makuu, kila mwenye ardhi akawa bwana. Mwaka uliofuata Redempta alilazwa kitandani na kansa. Aliomba jambo moja tu, azikwe kando ya mwanawe.

Melkiori akaenda Mutuka kwa miguu. Kwenye kile kipande alikuta msingi wa nyumba ya wageni umeshamwagwa zege, mafundi wanapanga matofali.

"Shikamoo, Mwalimu," Anselm alisema, akavua kofia.

"Marahaba. Kaburi la Evelyne liko wapi?"

Anselm alitazama chini. "Hatukukuta alama, Mwalimu. Siku ile ya kugawa ungesema tu, tungekukatia. Lakini ulituambia kiongozi hana chake."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma mzee wa watu.

Alifika nyumbani miguu imevimba. "Amekubali, Mama Evelyne," alisema. "Papo hapo, kando ya mtoto."

Redempta alishajua. Jirani yao Kornelia, muuza mboga, alikuwa amepita Mutuka juzi akamsimulia habari za lile zege.

"Wagiriki wako," Redempta alisema polepole, "si walimruhusu mtawala awadanganye watu kwa faida yao? Miaka yote hilo moja ulilikataa."

Melkiori alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliona aibu hadi akatamani angekuwa yeye anayekufa.

"Kumbe nimekuwa raia wako tu, Baba Evelyne," Redempta alisema. "Mimi nilidhani ni mke."

Akageukia ukutani. Alifariki Jumapili, bila kumwomba kitu kingine.