Shavu la Mathilde

Katika soko la Jabe, miaka ile ya vita, shavu la kushoto la Mathilde lilifanya kazi kuliko mikono ya watu wengi ninaowajua. Mama huyu alikuja Bujumbura kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa mjane, akaanza kuuza ugoro. Alitwanga majani ya tumbaku mwenyewe, akachanganya na majivu ya maganda ya ndizi, na harufu yake ilikufikia kabla hujaiona meza. Wazee walikuwa wakitoka mbali kama Buterere kuufuata.

Sasa, Burundi anayekukaribisha pombe hunywa yeye kwanza, nawe uone kwamba hakuna kitu kilichotiwa humo. Ni adabu ya tangu zamani. Vita vilipoingia, adabu ile ikawa sharti. Mitaa ilikuwa imetengana, watu wamezika ndugu zao, na hofu ya sumu ilikuwa kila mahali. Mteja wa mtaa huu hakumwamini muuzaji wa mtaa ule, wala yule hakumwamini huyu.

Mathilde alimwamini kila mtu, au tuseme alijitia kuamini, jambo ambalo lilihitaji moyo zaidi. Akija mteja, alichota ugoro kutoka kwenye kopo lile lile, akautia shavuni, akasubiri, akatabasamu. Aliwaonjea wa pande zote bila kuuliza mtu anatoka wapi. Basi mezani pake walikaa bega kwa bega watu ambao kwingine wasingepita njia moja, wakibishana habari za mvua. Wakubwa walikuwa wakikutana hotelini kutafuta amani, na hapa mwanamke mmoja alikuwa akiileta kwa shavu lake. Alijua hivyo, na alijivunia.

Mteja mgumu kuliko wote alikuwa Mzee Népomuscène, fundi mwashi wa zamani. Kaka yake alikufa baada ya kunywa kilabuni, naye aliapa kwamba ni sumu. Hata Mathilde akishaonja, mzee huyu alikuwa akimtazama koo mpaka ameze mate.

Kilichomfikisha Mathilde hospitalini kilikuwa jino. Alitaka ling'olewe arudi kazini, basi. Lakini daktari Sylvère, muganga kijana mwenye mikono taratibu, alipomwangaza kinywani aliliacha jino. Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na baka jeupe, limekakamaa, lina mikunjo. Akalifuta kwa kitambaa. Halikutoka. Akalifuta tena.

"Inakuuma, mama?"

"Apana. Sikujua hata kama iko."

"Ingekuwa utando wa kawaida, ingetoka. Hii haitoke. Haiyakuwa kansa, lakini inaweza kugeuka. Tutaikata, tuipime. Na tumbaku, mama, uache leo."

Mathilde alitoka pale na jino lake bado kinywani. Kifo alikuwa amekizoea, kama sote tulivyokizoea siku zile. Kilichomtesa ni meza yake. Asipoonja, wateja watasema ametia kitu, na wale waliokaa bega kwa bega watasambaa, kila mmoja na shaka yake. Akiendelea kuonja, baka litamla. Alilia njia nzima, kisha akanawa uso kwenye bomba la soko, maana hakutaka kuulizwa.

Wateja walipokwisha kukaa, Mzee Népomuscène alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Onja, Mama Mathilde."

"Leo sionje, Muzee."

Mzee akarudisha mkono wake taratibu. "Mi sinunue kitu ambayo mwenye kuuza anaogopa. Nani amekutuma?"

Mathilde angeweza kusingizia jino. Badala yake alilivuta shavu lake kwa kidole, akawageukia wote mmoja mmoja, wakaliona baka. Miaka ile mtu mwenye weupe kinywani alidhaniwa ana ukimwi, na minong'ono ilianza hapo hapo. Alijua itaanza. Aliliacha shavu wazi mpaka wa mwisho aone.

"Uko na haki kuogopa, Muzee," alisema. "Kila siku mi naonja ili muone hakuna sumu. Kumbe sumu iko! Iko mu tumbaku yenyewe, inaua polepole, na haiulize mutu kabila. Muganga ameniambia. Mi siwezi kuuzia nyinyi kitu ambayo siweze kutia mu kinywa yangu."

Akalimwaga kopo zima kwenye mtaro. Mzee Népomuscène aliondoka akitukana, na wengine wakamfuata. Meza ikabaki tupu, naye akabaki ameketi hapo kama mfiwa.

Walimkata baka hospitalini. Majibu yalichelewa, kama kila kitu kilivyochelewa wakati wa vita, lakini yalikuja: lilikuwa limeanza kuharibika, ila kansa haijaingia. Atakuwa anarudi kukaguliwa. Alimshukuru Mungu kwa sauti, shavu likiwa limevimba, akarudi Jabe na kapu la ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, kutoka Ruziba. Hakujua kama kuna atakayenunua kitu mkononi mwake.

Asubuhi ile ile alikuja Mzee Népomuscène, amekumbatia chupa ya chai iliyojaa uji, na kikombe mkononi. Shavu lake, ambalo siku zote lilituna kwa ugoro, lilikuwa limelala.

"Mi pia nilienda kwa yule muganga," alisema. "Yangu ni ndogo. Ameniambia niache."

Akamimina uji kikombeni. Mathilde akanyoosha mkono, lakini mzee hakumpa. Alikipuliza, akanywa funda moja yeye mwenyewe, akameza mbele ya watu wote.

"Haiko moto," alisema. "Kunywa, mama yangu."