Kopo Zima la Devota

Mimi na Devota tulipakana ukuta pale Gungu. Mjane, na mbishi. Miaka ile wakimbizi Warundi wamejaa kambini, njia ya Kasulu, kila mwenye miguu alikimbilia huko na dagaa, anarudi na mahindi ya msaada. Devota naye akauza mbuzi wawili, ndiyo mali yote aliyoachiwa na marehemu, akanunua gunia la dagaa kwa wavuvi wa Kibirizi.

Wenzake walitoa kopo moja la dagaa kwa manne ya mahindi, tena kopo lenyewe limebonyezwa kitako. Yeye akasema ni mtu wa kanisa, atatoa moja kwa mawili, kopo zima.

"Faida utaila wapi?" nikamuuliza.

"Ipo, dada. Ndogo, ila nalala usingizi."

"Haya, lala."

Kina mama wa kambini wakamvamia kama siafu. Gunia likawa matano, nyumba ikapata bati. Aliringa huyo! Akaanza kutufundisha haki, sisi tuliomfundisha kuanika dagaa.

Kulikuwa na mteja wake mmoja, Marcelina. Zamani alileta mahindi kidogo, sasa analeta yote anayogawiwa. Siku moja Devota akamfuata mpaka kibandani. Watoto wamelala mchana, mdogo amevimba miguu, jiko baridi.

"Mahindi yenu yako wapi?"

"Si unayo wewe, mama? Kwako kunalipa. Wale wengine sikuwapelekea yote."

"Na dagaa?"

"Nampa mwenye kuni. Mwenye sabuni, mwenye nguo. Nitawavika nini hawa?"

Devota alirudi analia, eti bei yake nzuri ndiyo inawalaza watoto njaa, akaacha kwenda. Wiki tatu. Mvua ikaingia stoo, dagaa zikaoza, mtaa mzima tukaziba pua. Nilimwambia wazi: umewaua mbuzi wa mume wako mara ya pili.

Ndipo akapita Selestini, mchuuzi mwenzake, anacheka.

"Marcelina wako anakuulizia. Siku hizi ananiletea mimi. Manne kwa moja, na hanung'uniki!"

Kesho yake Devota akabeba kagunia kamoja kalikopona. Nilimsindikiza barabarani, si kwa mapenzi, nilikuwa nakwenda sokoni. Lori likasimama. Akaweka mguu mmoja juu, akageuka.

"Dada, nakwenda kufanya nini kule?"

Mimi nimesoma mpaka la pili, ananiuliza mimi. Utingo anapiga bodi, watu wanamtukana.

"Panda au shuka," nikamwambia, "unachelewesha wenzako."

Akapanda.