Kigae Juu ya Kigae

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Mvua nyembamba ilianza kabla ya mapambazuko, na ilikuwa bado inanyesha tulipofika hospitali, mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ukumbi wa kungojea ulikuwa umelowa na watu walikuwa wakiteleza. Yeye aliitazama sakafu, akaguna.

"Vigae vya kung'aa hivi ni vya sebuleni. Nani kaviweka mlangoni?"

Mafundi wenzake humwita Pima Maji, jina la kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu hawezi kuona meza imeinama akanyamaza. Tangu ujana wake ameweka vigae: madukani, vyoo vya shule, ngazi za watu wenye nazo. Kazi hiyo hufanywa mtu akiwa amechuchumaa, na miaka ya kuchuchumaa ilimla nyonga ya kulia mpaka usingizi ukamtoroka. Miaka kumi na miwili iliyopita alipasuliwa, akawekewa nyonga ya bandia: kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, vyote viwili vya kauri. Daktari wa wakati ule alimwonya asichuchumae tena, na arudi kila mwaka kupigwa picha. Katika maneno yote hayo, yeye alishika moja tu: kauri.

"Si ndiyo kigae hicho?" alituambia wodini, amelala chali, anacheka. "Mmewahi kuona kigae kimechakaa? Kinachochakaa ni kiatu."

Alirudi kupigwa picha mara mbili, zikatoka nzuri, akaacha kwenda. Kuchuchumaa nako kulirudi polepole. Kwanza alikuwa akibeba kiti kidogo cha kukalia akifanya kazi. Baadaye akasema kiti kinamchelewesha. Baadaye tena kiti kikabaki nyumbani, dada yangu akawa anakikalia akichambua mboga. Mguu haukuuma, na hilo ndilo lililomponza. Ungeuma, angeogopa.

Mwaka jana ukaanza kulia. Akiinuka au akipanda ngazi, nyonga ilitoa mlio, kwii, kama bawaba iliyokauka mafuta. Kazini ukawa utani. Fundi bomba, rafiki yake wa siku nyingi, akimsikia anakuja husema, "Fungueni njia, mlango unakuja! Mzee, si utie grisi?"

"Bora mimi ninayelia," humjibu. "Mabomba yako yanavuja kimyakimya."

Dada yangu hakucheka. Alimbembeleza aende hospitali, akakataa, na sababu yake ilikuwa ya kifundi. Kigae ukikigonga kikalia, kimeshika vizuri. Kikijibu kwa sauti nzito ya bubu, chini yake kuna uwazi na siku moja kitapasuka. Shemeji aliichukua kanuni hiyo ya sakafu akaitia mwilini mwake. "Unalia kwa kuwa ni mzima," alisema. Seremala asingelifanya kosa hilo, wala mshona nguo.

Mwishowe dada yangu alinituma mimi nimpeleke, na ndiyo maana tulikuwa pale siku ile ya mvua.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke wa rika la binti yao. Alituonyesha picha. Kikombe kilikuwa kimelala kombo kidogo, akasema, na kila anapochuchumaa kichwa hupanda ukingoni na kusagika. Ukingo ulikuwa umeanza kumeguka. Tuliiona punje iliyomeguka, nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Daktari, sakafu haichakai," alisema shemeji. "Kinachochakaa ni kiatu."

"Humu hakuna kiatu, baba. Ni kigae juu ya kigae."

Daktari akampangia upasuaji baada ya wiki tatu, vibadilishwe kichwa na kikombe kabla havijavunjika. Mpaka siku hiyo asichuchumae hata mara moja. "Kikivunjikia humo ndani, sitaweza kuokota kila kipande."

"Na baada ya kupona, nitachuchumaa?"

"Hapana, baba. Kazi hiyo imekwisha."

Tukarudi nyumbani.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Jikoni kwa dada yangu palikuwa saruji tupu, imepasuka, inakusanya maji kwenye kona. Maboksi ya vigae vya rangi ya udongo yalikaa nyuma ya mlango miaka na miaka, yakingoja siku ambayo mwenyewe hana kazi ya watu. "Mimi nimeolewa na sakafu za wenzangu," dada alizoea kusema. Jioni ile shemeji aliyavuta maboksi yale hadi katikati ya sebule.

"Mama watoto, jikoni nitapaweka kabla sijapasuliwa."

"Sitaki."

"Umeniomba miaka yote."

"Nilikuomba ulipokuwa na mguu. Sasa nautaka mguu."

"Nikishapasuliwa ataweka mtu mwingine. Nyumba yangu mimi, mkono wa mtu mwingine?"

"Hiyo ni aibu yako, usinivishe mimi."

Kesho yake dada alifunga mwiko wake wa kazi na nyundo ya mpira ndani ya khanga, akaja kuvificha kwangu. Haikusaidia. Binti yao alijifungua, dada akaenda kumhudumia kwa siku chache, na mara tu alipotoka shemeji aliazima vifaa kwa fundi bomba. Akamwambia anataka kuziba ufa mmoja tu.

Dada aliporudi alimkuta jikoni. Sakafu yote ilikuwa imekamilika isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa mlangoni. Anakiri kwamba hajawahi kuona sakafu imekaa sawa vile. Shemeji alikuwa amechuchumaa kizingitini, gundi mpaka kwenye viwiko, anatabasamu kama mtoto aliyeiba sukari.

"Usikanyage, bado mbichi," alisema, akainuka ampokee mkoba.

Dada anasema mlio wa bawaba hakuusikia. Alisikia kigae kinavunjika. Akatazama chini kutafuta ni kipi, na alipoinua macho mumewe alikuwa ameanguka ubavu.

Alipasuliwa siku iliyofuata. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Daktari alikuja kitandani bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji.

"Nimesafisha nilivyoweza, baba. Ungaunga wa kauri umeingia nyamani, hautoki wote. Nimekuwekea kauri tena, maana chuma kingeliwa na unga huo upesi."

Chumbani humo hakuna aliyeelewa kama shemeji. Maisha yake yote aliwakataza watu kuburuta kitu juu ya vigae vipya kabla ya kufagia, kwa sababu hakuna kinachokwaruza kigae kama chembe ya kigae.

"Na hii nayo italiwa," alisema.

"Polepole zaidi."

"Najua."

Waliokuja kumtazama, kila mmoja alikuwa na ile methali ya guu mdomoni. Wenye adabu waliimeza. Fundi bomba alikaa karibu na kitanda bila utani hata mmoja, akisema tu, "Vile vifaa ni vyangu, ni vyangu," mpaka dada akamwambia aende nyumbani.

Shemeji aliruhusiwa kutoka baada ya wiki kadhaa, kwa magongo mawili, mguu mmoja umekuwa mfupi. Nililala kwao usiku huo kusaidia kumbeba. Nilikuta dada anapikia uani. Jikoni palikuwa kama shemeji alivyopaacha, na kizingitini ule ukanda wa saruji, umezama chini kiasi cha unene wa kigae.

"Mbona hamkuita mtu amalizie?" shemeji aliuliza.

"Mwenye nyumba hataki mkono wa mtu mwingine," dada alijibu, akaenda kufunga kuku.

Asubuhi yake shemeji alijivuta mpaka mlango wa jikoni, nikamwekea kiti. Akavigonga kwa gongo vigae vyote alivyovifikia. Vyote vililia vizuri. Kisha akamwita dada, akamwambia atafutwe fundi.

"Simu unayo," dada alisema kutoka uani, bila kugeuka.

Akaitoa mfukoni, akapiga. Alieleza kazi yenyewe kwa kifupi, mstari mmoja wa mlangoni, vigae vipo. Halafu akasema, "Njoo na kiti cha kukalia. Kama huna, usije."